Magamba Kiganjani

Jumapili ile nilifunga kibanda changu cha Igoma,
chama kikanipa kofia, na tepe nyekundu ishirini na nne.
Nenda Nyanguge, wakasema, simama penye pipa;
kila mwanamke atakayelizunguka, mvike utepe.
Asiye na utepe hakufika.
Nikaona kazi nyepesi kuliko kuziba pancha.

Walikuja kila mmoja na alichonacho.
Minza na Fonikisi ya maziwa,
karia ina kovu la madumu ya kila alfajiri.
Hansa, binti wa duka la vitambaa mtaa wa Rufiji,
baiskeli nyepesi hata paka angeibeba.
Bhoke: mumewe alimkataza Ijumaa,
Jumapili akaja naye, kamshikia chupa ya maji, kanuna.
Na Nyangeta wa Ukerewe, aliyevuka na kivuko jana yake,
akalala gatini kaegemea gurudumu.
Ngozi yake jua huidai mapema kuliko ngozi zetu:
mikono mirefu, kitambaa chini ya helmeti, mafuta meupe puani.
Kando ya barabara walimwita majina; siyaandiki.
Mmoja alinyoosha mkono amguse, apate bahati.
Bahati!
Mtu anakanyaga pedali kwa mapafu yake mwenyewe,
wewe unamfanya tiketi.

Na Holo wangu. Rimu yake niliinyoosha mimi,
usiku, kwa tochi ya simu,
hadi ikazunguka bila kunong'ona.

Pipani Nyangeta alifika wa kwanza.
Nikamvika utepe; shingo ilikuwa moto kama bati la saa nane.
Holo alikuwa nyuma,
nyuma kiasi cha mimi kunywa maji, kufunga chupa,
na kuanza kuona aibu ndogo ya baba.

Lakini Igoma, niliposhuka kwenye pikipiki ya waamuzi,
Holo alikuwa juu ya mabega ya mtaa mzima.
"Fundi! Damu yako hiyo!"
Akainama, akanipa mkono wa kushoto.
Magamba ya sangara, mawili,
yaking'aa kiganjani kama sarafu mpya,
na harufu ya mwaloni.

Kilima cha Kisesa hakina ziwa.
Kina malori ya samaki, yakipanda kwa kuhema,
na nyuma yake mnyororo unaning'inia.

"Meza," mwenyekiti akaniambia sikioni. "Ni mtoto wa nyumbani.
Yule ni wa kuja, tena anawahi kivuko."

Holo alinivuta pembeni. Hakukana.
"Baba, wanaume wanapewa baiskeli ya gia na laki tano.
Sisi, njia ileile, kilima kilekile,
sufuria na doti ya khanga.
Nani kaanza kuiba?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo
nalitafuta kwenye kopo la nati.
Ila niliona hili moja:
sufuria lile hakumpokonya mwenyekiti.

Nikapanda jukwaani, nikasema.
Spika ikakoroma. Nikasema tena.
Ganda la muwa likanipata begani,
na sauti niijuayo, ya jirani niliyemkopesha pampu,
ikaniita msaliti.

Nyangeta akapokea sufuria, akaligeuza,
akachungulia ndani, akauliza kwenye kipaza sauti:
"Pedali zake ziko wapi?"
Wa kwanza kucheka alikuwa Holo.
Alicheka huku machozi yanamshuka.

Siku tisa hakunisalimu.
Ya kumi kaja kibandani na gurudumu,
kaliweka juu ya meza kama mteja.
"Spoku mbili zimelegea."
Nikachukua spana.
"Tunaandika barua kwa chama," akasema, akitazama barabara.
"Minza anataja, Hansa anachapa. Bhoke kakusanya sahihi,
hata ya mumewe.
Jumamosi navuka kwenda kwa Nyangeta kufanya mazoezi.
Anasema barabara ya Nansio haina malori."

Nikakaza moja huku, nikalegeza nyingine kule,
nikalizungusha mbele ya jicho moja.
Halijanyooka bado.
Linayumba kidogo,
upande wa kushoto.